Wazee Wawili na Jogoo Mmoja

Mwaka ule vita vilikuwa havijaisha, na mabomu kutoka milimani yalikuwa yakiangukia mji pale yalipotaka yenyewe, lakini chuo kilikuwa kimefunguliwa. Mwalimu mmoja wa mawasiliano, jina lake Sylvère, aliwapa wanafunzi wake kazi: kila kundi lilete filamu fupi iliyopigwa nyumbani. Nyumbani, alikazia. Asionekane mtu na kamera barabarani, maana askari akiona kamera haulizi kwanza.

Houda binti Massoudi alitoka darasani siku hiyo kichwa kikimchemka. Alikuwa msichana wa maswali. Mama yake, Mwantum, alizoea kusema kwamba mtoto huyu akiingia kaburini atamwuliza malaika kabla malaika hajamwuliza yeye. Na swali lililomkaa sasa lilikuwa hili: filamu inashonwaje? Mwalimu alikuwa amewaeleza kwamba watu wawili mnaowaona wakizungumza kwenye kioo huenda hawakukutana kabisa. Unampiga huyu leo, unampiga yule kesho, kisha unawapanga, na jicho la mtazamaji linamalizia lenyewe. Houda alilisikia jambo hilo kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yanaweza kupanda mlima.

Kundi lao lilikuwa la watu watatu. Wa pili alikuwa Joëlla, aliyezaliwa mtaa mmoja naye, hapo hapo Bwiza, mpaka mwaka ule mbaya wa tisini na tano watu wa upande wao walipofukuzwa na familia yake ikakimbilia Gasenyi, kaskazini kabisa ya mji. Walipokutana tena chuoni wasichana hao walitazamana kwanza, kisha wakacheka, na tangu hapo hawakuachana. Wa tatu alikuwa Darius, kijana mrefu wa maneno machache, aliyeelewana na mashine kuliko watu. Kamera waliazima kwa Tajudini, baba mdogo wa Houda, mpiga video za harusi kule Buyenzi.

Hadithi aliitunga Joëlla. Majirani wawili wametenganishwa na ua wa matete. Jogoo wa mmoja anapenya, anahamia kwa mwenziwe. Mwenye jogoo anadhani ameibiwa, ananuna. Aliyehamiwa anamlisha jogoo, anangoja mwenyewe aje kumtafuta, haji, naye ananuna. Mwisho wanasemezana juu ya ua, na inaonekana walikuwa wakinuniana bure.

"Tunahitaji wazee wawili wanaojua kununa," alisema Darius.

"Wangu anajua," alisema Joëlla.

"Na wangu," alisema Houda.

Kisha wote wawili wakakumbuka jambo moja kwa pamoja. Baba zao, Massoudi na Méthode, walikuwa makanika wa gereji moja zamani, watu wa kula sahani moja. Sasa hawakusalimiana. Si ugomvi uliosikika. Ulikuwa ukimya tu, ulioanza baada ya ule mwaka wa kukimbia na kuendelea hadi ukawa kama ukuta wa nyumba ambao hakuna anayeuliza nani aliujenga. Houda aliwahi kuuliza, akaambiwa mambo ya wakubwa waachiwe wakubwa. Joëlla naye aliwahi kuuliza, na mama yake akaanza kulia, basi hakuuliza tena.

Houda alimwendea baba yake jioni, akamkuta anaondoa grisi mikononi kwa mafuta ya taa. Akamweleza hadithi ya jogoo. Massoudi alicheka.

"Na huyo jirani mwingine ni nani?"

"Tunafikiri Papa Joëlla."

Massoudi aliendelea kusugua mikono ingawa ilikwisha kuwa safi.

"Amekubali?"

"Hatujamwuliza."

"Akikubali, mumupige kule kwake. Mi mutanikuta hapa."

Kule Gasenyi, Méthode alisikiliza ameinama. Alikuwa mtu mnene wa sauti nyembamba. Aliuliza kama Massoudi amekubali, akaambiwa amekubali, ila kila mmoja abaki kwake.

"Bon," alisema. "Kila mutu kwake." Na wasichana walipokuwa wamefika mlangoni akawaita tena. "Amezeeka?"

"Kidogo, Papa," alijibu Houda.

"Kidogo namna gani? Mvi?"

"Mvi, Papa. Na anakohoa asubuhi."

Méthode alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa. Houda aliliona hilo, akaliweka moyoni. Mtu asiyekujali hakuulizii mvi.

Upigaji ulianzia Bwiza. Walikuwa wamepata jamvi la matete kutoka Buterere, la kuwa ua, na ua huo ilibidi usafiri na Darius juu ya baiskeli kutoka nyumba hadi nyumba, kwa sababu majirani hawawezi kugombana juu ya nyua mbili tofauti. Jogoo waliazima pale mtaani. Alikuwa jogoo mwenye manyoya ya kupendeza na asiye na kazi: hakuwika, hakutembea, alikaa tu akiitazama kamera. Mwantum alimrushia mchele, akaula mchele akaendelea kutazama.

Kazi yenyewe haikuwa kama Houda alivyoidhani. Alidhani utapiga mtu akisema, basi. Kumbe kamera inanasa kila kinachosikika. Mwadhini aliadhini, wakangoja. Gari dogo la abiria likapiga honi kwenye kona, wakangoja. Redio ya jirani ikazimwa kwa kuombwa, ikawashwa, ikaombwa tena. Halafu mlio mzito ukatoka upande wa milima, mmoja, kisha mwingine. Watu wote uani waliinua nyuso na kukaa hivyo, wakisikiliza kama ni mbali au karibu. Ulikuwa mbali.

"Tuendelee," alisema Darius.

Massoudi alisimama nyuma ya matete, macho kwenye msumari ambao Darius alimwonyesha ukutani. Msumari huo ndio ulikuwa jirani. Houda alisimama kando ya kamera kumsomea maneno ya Méthode, ili baba yake ajue lini ajibu. Alijibu vizuri, kwa kejeli na kukunja uso, na hata Mwantum aliyekuja kutazama tu alijikuta anacheka kwenye kitenge chake. Wakafika mwisho wa hadithi.

Houda akasoma: "Amekaa kwangu siku zote hizi. Mbona hukuja?"

Kwenye karatasi ya Joëlla jibu lilikuwa: *Nilidhani ameliwa.* Lilikuwa jibu la kuchekesha. Massoudi hakulitoa. Aliendelea kuutazama msumari, na Houda alidhani amesahau, akafungua kinywa kumkumbusha.

"Hakuna aliyeniambia," alisema Massoudi.

Alilisema kwa sauti ya chini. Darius hakuzima kamera.

"Baba," alisema Joëlla kwa adabu, "hapa imeandikwa kwamba—"

"Najua ilivyoandikwa, binti yangu. Nimesema hivyo."

Akaenda zake kunawa. Wale vijana wakatazamana. Kanda ilikuwa fupi na hawakuwa na nyingine ya kuchezea, hivyo neno lile likabaki. Lakini usiku Houda hakuacha kuligeuza. Mtu aliyeambiwa aigize anatoa wapi neno lake mwenyewe? Na neno hilo lilikuwa limekaa wapi kabla?

Gasenyi walimpiga Méthode mara mbili. Mara ya kwanza walirudi kwa Tajudini wamefurahi, wakapanga vipande kwenye mashine zake mbili, na walipotazama wakaanguka kwa kicheko: wazee wote wawili walikuwa wakitazama upande mmoja, kama watu wawili wanaongojea basi. Tajudini aliwaeleza. Mmoja atazame kulia na mwingine kushoto, la sivyo kila mmoja anazungumza na ukuta wake. Hata kwenye harusi, bibi na bwana ukiwapiga vibaya wataonekana wamekwisha kuachana.

Basi wakarudi na jamvi lao na jogoo wao. Mara hii Méthode hakuwa na utani wa siku ya kwanza. Labda alikuwa amechoka. Houda alimsomea maneno ya baba yake, naye akayajibu moja moja, akitazama kijiti ambacho Darius alikichomeka ardhini upande unaofaa.

"Amekaa kwangu siku zote hizi," alisema Méthode. Akapumua. "Mbona hukuja?"

Mlangoni pa jikoni mke wake, Consolate, alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Aliposikia maneno hayo aligeuka akaingia ndani. Mboga ikaungua siku hiyo.

Filamu ilipokuwa tayari, swali lilikuwa nani aione kwanza. Darius alitaka ipelekwe chuoni. Houda alikataa. Alisema wenye nyuso zao wana haki ya kuziona kabla ya watu baki, na hilo lilikuwa kweli, ingawa kweli zaidi ilikuwa kwamba alitaka kujua. Tajudini akatoa chumba chake cha kazi. Buyenzi haikuwa kwa Massoudi wala kwa Méthode, na ulikuwa mtaa ambao hata miaka ile mibaya haukumfukuza mtu.

Walikuja Jumamosi mchana, umeme ulipokuwapo. Méthode alikuja na Consolate, amevaa koti. Massoudi alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi. Walisalimiana kwa namna ya watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali, kisha kila mmoja akakaa mwisho wake wa benchi, na vijana wakakaa katikati kama mizigo.

Tajudini akabonyeza.

Jogoo alionekana kwanza, akitazama. Wote walicheka, kwa sababu kwenye kioo alionekana mwenye mawazo makubwa. Kisha akaja Massoudi, akinung'unika. Kisha Méthode, akimrushia jogoo nafaka na kunung'unika vilevile. Houda hakutazama kioo. Alikuwa ameigeuza shingo kidogo, anawatazama wao. Baba yake alikuwa ameegemea mbele. Méthode alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Na pale mwisho wakawa wanazungumza. Houda alijua kwamba ni Bwiza na Gasenyi, alijua msumari na kijiti, lakini mwili wake haukujua, ulisisimka. Hao walikuwa watu wawili uani, mmoja kulia na mwingine kushoto, ua mmoja katikati yao.

"Amekaa kwangu siku zote hizi. Mbona hukuja?"

Uso wa Massoudi.

"Hakuna aliyeniambia."

"Uongo," alisema Méthode.

Hakulisema kwenye kioo. Alilisema pale bencheni, na alikuwa amesimama.

"Papa," alisema Joëlla.

"Apana, niache. We Massoudi. Hakuna aliyekuambia? Mama yangu amekufa, Marguerite, aliyekulisha kwa mkono wake, na we unasema kwa kamera hakuna aliyekuambia? Na Pontien?"

"Pontien gani?" aliuliza Massoudi.

"Kaka yake Consolate! Nilimtuma kwako. Nilimwambia, Massoudi asije kusikia kwa watu, mwambie wewe, mwambie maziko ni kesho. Alichukua baiskeli yangu. Alikuja kwako, na hakurudi. We hukuja kuzika, na hukutuma hata neno moja kutuambia mutoto wa watu ametoka kwako salama ama ametoka vipi!"

Massoudi naye akasimama, polepole, kwa kushika ukuta.

"Méthode, nitazame. Mi sijamuona Pontien tangu mulipotoka Bwiza. Hakufika kwangu."

"Alikuja."

"Hakufika. Habari za mama nilizipata sokoni, kwa muuza samaki wa ndagala, mama amekwisha kuzikwa na majani yameota. Nikasema, basi, kwa Méthode na mi nimekuwa mumoja wa wale waliowafukuza. Hata kifo cha mama ananificha. Nikakaa na hilo."

"Ungekuja kuuliza."

"Na we ungekuja."

"Bwiza? Mi? Mwaka ule?" Méthode alicheka kicheko kikavu. "Wangenirudisha kwenye gunia."

"Na mi Gasenyi je?"

Filamu ilikuwa imekwisha na kioo kilikuwa kikitoa chenga tupu. Alikuwa ametaka kujua, na sasa kujua kulikuwa kumesimama mbele yake chumbani.

Aliyesema ni Consolate. Alikuwa hajainuka mahali alipokaa.

"Kwa hiyo hakufika," alisema. "Tajudini, rudisha. Nataka kuona pale."

Tajudini akarudisha kanda. Consolate alisogea karibu na kioo, akamtazama Massoudi wa kwenye filamu akinyamaza, akimeza mate, akisema neno lake. Akaomba tena. Kisha akamgeukia Houda.

"Haya maneno ni nyinyi mulimwandikia?"

"Apana, Mama. Yalikuwa mengine. Hayo alisema mwenyewe."

"Na mume wangu hakuwapo."

"Hakuwapo. Papa Joëlla tulimpiga baadaye."

Consolate aliinamisha kichwa. "Mana yanje," alisema kwa Kirundi, Mungu wangu. "Miaka yote hii nimekuwa nikimtafuta upande wa Bwiza. Katika sala nilimtafuta kule, katika ndoto kule. Nilikuwa nikiuchukia mtaa mzima. Kumbe huenda hakuvuka hata daraja la mto ulio kati yetu." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Hakuna aliyeuliza huku kwetu. Sisi wenyewe hatukuuliza."

Watu husema kuuliza si ujinga. Wasichokisema ni kwamba kuna miaka ambayo kuuliza kunahitaji ushujaa, na wengi wetu miaka hiyo tunakuwa hatunao.

Wiki iliyofuata wakaanza kuuliza. Méthode na Consolate walitokea Gasenyi wakishuka, Massoudi akawakuta njiani, upande wa ng'ambo ya mto Ntahangwa, naye alikuwa amekuja na Houda kwa sababu binti huyo hangekubali kubaki. Walifuata njia ambayo kijana mwenye baiskeli angeifuata, si ile kubwa ya lami bali ile ya vichochoro, kwa maana mwaka ule lami ilikuwa na vizuizi. Waliuliza nyumba kwa nyumba. Wengi walikuwa wahamiaji wapya, hawakujua. Wengine walijua, ikaonekana usoni, wakasema hawajui. Mzee mmoja alifunga mlango taratibu wakiwa bado wanamsalimu.

Karibu na mfereji mmoja walimkuta mwanamke anayeuza mihogo. Massoudi ndiye aliyemwuliza. Consolate akamweleza kaka yake: mwembamba, shati la kijani, meno ya mbele yenye mwanya. Mwanamke aliendelea kupanga mihogo yake, akaipanga, akaipangua.

"Shati sikumbuki," alisema mwishowe. "Nakumbuka alikuwa akisema ana msiba. Aliwaambia wale vijana waliofunga njia, niacheni, natangaza msiba. Wakasema nao wana msiba wao. Walikuwa watatu waliochukuliwa asubuhi ile. Sisi tuliwafukia jioni, pale nyuma ya migomba, kwa sababu mbwa walikuwa wameanza kuja." Akamtazama Consolate kwa mara ya kwanza. "Tuliwalaza vizuri, mama. Hatukuwajua majina, lakini tuliwalaza vizuri."

Mahali penyewe hapakuwa na alama. Ardhi ilikuwa imetitia kidogo, na maboga yalikuwa yametambaa juu yake. Consolate alipiga magoti. Méthode alivua koti akamtandikia, kisha akasimama nyuma yake, mikono haijui pa kukaa. Alisali kwa sauti yake nyembamba, sala ya kanisani kwao. Massoudi alisubiri amalize, naye akafungua viganja na kusoma yake kimoyomoyo. Houda hakuwa na kamera, na hakuitamani.

Ndugu wa Consolate walikaa matanga ya kaka yao mwezi huohuo, kama inavyotakiwa, wakiwa na mahali pa kumlilia. Filamu ilipelekwa chuoni. Mwalimu Sylvère aliisifu, akamlaumu jogoo kwa kutazama kamera, na darasa likacheka pote palipoandikwa kicheko na hata pasipoandikwa. Houda na Joëlla hawakumweleza mtu chochote. Si kwamba walificha. Hawakujua waanzie wapi.

Siku moja baada ya matanga, Massoudi na Houda walipokuwa wamewatembelea Gasenyi, Méthode alimwambia Massoudi kwamba angependa kumsindikiza hadi kwake. Massoudi alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Jua lilikuwa bado juu, kulikuwa na muda wa kutosha kwenda na kurudi kabla ya saa ya amri ya kutotembea. Walivuka mto kwa miguu, Houda na Joëlla nyuma yao, na walipoingia mtaa wa kwanza wa Bwiza Méthode akapunguza mwendo.

"Hapa alikaa fundi viatu," alisema.

"Alihamia Uvira. Yuko hai."

"Na mkewe?"

"Mkewe alirudi. Anauza kitenge."

"Na hii baa?"

"Iligeuzwa kanisa. Sasa ni baa tena."

Walikuwa wakienda nyumba moja, wakisimama, nyumba nyingine, wakisimama. Méthode aliuliza nani kaoa, nani kafa, nani alichukua chumba cha nani, na yule kijana mwenye kigugumizi je, na yule bibi aliyefuga kanga. Massoudi alijibu yote, na pale asipojua alisema sijui, tutamwuliza fulani. Houda alisikiliza kutoka nyuma. Alikuwa amezaliwa katika mtaa huu na kukulia humu, na katika watu kumi waliowataja aliwatambua wawili tu. Akaharakisha hatua, akamshika Joëlla mkono, wakawakaribia wazee ili wasipitwe na neno.

"Papa," Houda alimwita Méthode, "huyo bibi wa kanga alikuwa nani?"

Méthode aligeuka, akamtazama, kisha akamtazama Massoudi.

"Hukumwambia huyu mutoto habari za bibi wa kanga?"

"Hakuniuliza," alisema Massoudi.

"Basi njoo hapa katikati," alisema Méthode, "usikie vizuri."